Swichi ya jirani huioni, au unaiona ila haikuruhusu kuingia: anza kukagua hapa

Wakuu habari za kazi. Leo naongelea kitu ambacho fundi yeyote wa network hapa Dar lazima kimkute. Unapigiwa simu "kaka njoo, ghorofa ya 3 hawana intaneti tangu asubuhi", unafika unakuta kabati la swichi (kile kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) limejaa vumbi, kebo zote rangi moja, mchoro hakuna, na fundi aliyefunga mwanzo simu yake haipatikani. Sasa hapo kabla hujagusa chochote lazima ujue kifaa gani kimeungana na kipi na kwenye poti ipi, halafu uweze kuingia kwenye hivyo vifaa ukiwa umekaa sehemu moja, maana kupanda ghorofa 5 na joto la Februari huku umebeba laptopu na kebo ya konsoli (ya kuingia kwenye kifaa moja kwa moja bila mtandao) sio kitu cha kurudia mara 6 kwa siku.

Nitaongelea zaidi vifaa vya Cisco kwa sababu ndio vimejaa kwenye maofisi ya mjini, na MikroTik nitaigusa kidogo.

Kwanza uelewe kinachopita kwenye waya. Swichi ya Cisco kila sekunde 60 inatoa salamu kwenye kila poti iliyo hai, inasema jina langu ni hili, modeli yangu hii, natumia IOS (programu inayoendesha swichi) toleo fulani, na poti ninayoongelea ni hii. Jirani, yaani kifaa cha upande wa pili wa waya, akisikia anaandika kwenye jedwali lake na anakutunza humo sekunde 180, asipokusikia tena anakufuta. Hiyo ndio CDP (Cisco Discovery Protocol), ni ya Cisco wenyewe. Ya watu wote ni LLDP (Link Layer Discovery Protocol), kiwango cha IEEE 802.1AB kilichotoka 2005, yenyewe inasalimia kila sekunde 30 na inatunza sekunde 120.

Sasa shika hili maana mengine yote yanatoka hapa: hiyo salamu haihitaji IP (anwani ya kifaa kwenye mtandao). Inatembea kwenye Ethernet yenyewe, kutoka ncha moja ya waya mpaka ncha ya pili, inaishia hapo. Kwa hiyo unaweza kumuona jirani vizuri kabisa na usiweze kumpiga ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo) hata moja, na hiyo sio miujiza, ni kwamba waya uko salama na shida yako ipo juu zaidi, kwenye anwani au VLAN (mtandao uliogawanywa ndani ya swichi) au ruhusa. Nimeona watu wanabadilisha kebo mbili tatu, wanakata na kupiga vichwa upya, wakati jirani anaonekana kwenye CDP muda wote. Jirani akionekana achana na kebo.

Umeandika show cdp neighbors, imetoka tupu

Ukikuta ujumbe `% CDP is not enabled` basi mtu ameizima, ingia configure terminal andika `cdp run`. Kama imewashwa ila poti moja tu ndio haioni kitu, ingia kwenye hiyo poti andika `cdp enable`, wapo wanaoizima poti moja moja.

Kama imewashwa na bado tupu, piga `show interfaces status`. Poti ikisoma notconnect hapo ndio uende kwenye kebo sasa, au upande wa pili hauna umeme. Ikisoma err-disabled swichi yenyewe imeifunga hiyo poti, mara nyingi mtu amezungusha kebo ikarudi kwenye swichi ileile au amechomeka kitu kisichoruhusiwa, toa chanzo kwanza halafu `shutdown` na `no shutdown`. Ukiifungua bila kutoa chanzo itajifunga tena.

Poti ikisoma connected na jirani hayupo, basi huyo jirani haongei CDP. Anaweza kuwa Huawei, HP, Aruba, hao wanaongea LLDP, na kwenye swichi nyingi za Cisco LLDP huwa imezimwa toka kiwandani. Andika `lldp run`, subiri nusu dakika, kisha `show lldp neighbors`. Upande wa pili nao lazima LLDP iwe imewashwa, akikaa kimya hutamuona hata ungoje mpaka kesho.

Au ni vile viswichi vidogo vya plastiki vya poti 5 au 8 vinavyouzwa Kariakoo kila duka, vile havisemi chochote maisha yake yote. Vya namna hiyo vinakamatwa kwa njia nyingine: `show mac address-table interface gi0/7`. Poti ya mfanyakazi mmoja inatakiwa ionyeshe MAC (namba ya kadi ya mtandao ya kifaa) moja, au mbili kama kuna simu ya mezani. Ukikuta MAC 9 kwenye poti moja, nyuma ya hiyo poti kuna kiswichi kimejificha.

Poti moja inaonyesha majirani wawili

Hii naikalia kidogo maana ilinifundisha kuliko darasa lolote. Kuna jengo moja Kariakoo, ofisi ya mizigo, swichi 4 za Cisco ghorofa tofauti. Nikapiga komandi nikapata hivi:

```
SW-CHINI#show cdp neighbors
Device ID   Local Intrfce  Holdtme  Capability  Platform   Port ID
SW-GH2      Gig 0/1        147      S I         WS-C2960-  Gig 0/2
SW-GH3      Gig 0/2        133      S I         WS-C2960-  Gig 0/1
SW-GH4      Gig 0/2        171      S I         WS-C2960-  Gig 0/1
```

Soma taratibu. Local Intrfce ni poti YAKO, Port ID ni poti YAKE. Wengi wanageuza hapa, halafu wanaenda kuchomoa kebo isiyohusika na kuangusha ghorofa nzima. Sasa ona Gig 0/2 imetokea mara mbili. Tundu moja linaingia kebo moja, waya mmoja una ncha mbili, iweje ncha ya pili iwe na swichi mbili? Jibu ni kwamba katikati kuna kitu kisichojua CDP. Swichi ya Cisco ikipokea salamu ya CDP inaisoma na haipitishi mbele, ila kiswichi cha bei rahisi kinaona ni paketi ya multicast tu ya kwenda 01-00-0C-CC-CC-CC, hakijui ni nini, kinaisambaza poti zote. Ndio maana swichi 3 zikawa zinasikiana kama wamekaa chumba kimoja.

Ila kujua kipo sio kujua kiko wapi. Nikamuuliza mzee mlinzi wa jengo, nikamwamkia, nikamwambia "mzee wangu, kuna kidude cha kebo kama kiboksi umewahi kukiona huku juu?" Akanijibu "mwanangu, walipovunja ukuta ule mwaka wa ukarabati kuna kiboksi kinawaka taa waliweka kule darini juu ya choo." Tukaenda na ngazi, tukafungua dari, kipo, kina poti 5, kimeunganishwa kwenye tundu la umeme la feni ya choo. Yaani mtu akizima feni akitoka chooni, ghorofa ya 3 na ya 4 zinapotea mtandaoni. Miezi yote ile walikuwa wanapigia simu kampuni ya intaneti kulalamika. Tulipitisha kebo mbili mpya moja kwa moja na kile kiboksi nikakitoa, na toka siku hiyo kila nikiona poti imejirudia kwenye jedwali nauliza kwanza dari lilifunguliwa lini.

Jirani wa zamani bado anaonekana, au wote wanaitwa Switch

Umehamisha kebo toka poti 5 kwenda 8 na bado jirani anaonekana kote kuwili. Ni zile sekunde 180 hazijaisha, subiri dakika 3 au piga `clear cdp table` umsikilize upya.

Majirani wote kuitwa Switch maana yake hakuna aliyewapa majina, hilo ndio jina la kiwandani. Wape majina kabla ya kazi nyingine yoyote, `hostname SW-GH2` na kadhalika, maana ukishaanza kuruka toka kifaa kimoja kwenda kingine kitu pekee kinachokuambia uko wapi ni lile jina mwanzo wa mstari. Ukizima poti ukidhani uko ghorofa ya 2 kumbe uko swichi kuu, ofisi nzima itakujia juu.

Jirani yupo, ila IP yake haionekani

Jedwali fupi halionyeshi IP. Andika `show cdp neighbors detail`, angalia mstari wa Entry address(es). Kuna IP, endelea. Hakuna, basi huyo jirani hajawekewa IP ya kusimamiwa na hakuna ujanja wa kumfikia kwa SSH (kuingia kwa mbali kwa njia iliyofichwa), beba kebo ya konsoli umfuate, spidi ya konsoli 9600, mpe IP kwenye interface vlan kisha `no shutdown`. Hiyo no shutdown watu wanaisahau, wanaweka IP nzuri kabisa kwenye intafesi iliyolala.

MikroTik hapa ina nafuu. Fungua Winbox (programu ya kusimamia MikroTik), nenda Neighbors, utaona vifaa hata visivyo na IP kwa sababu vinajitangaza vyenyewe kwa MNDP (salamu ya MikroTik wenyewe), UDP poti 5678, na ukibonyeza upande wa MAC unaingia bila IP, mradi mko kwenye Ethernet moja. Usipokiona cheki fayawoli ya Windows kwenye laptopu yako kwanza, hiyo ndio inazuia mara nyingi. Kama Neighbors inakionyesha ila Winbox inakataa kwa IP, huenda mtu kahamisha poti toka 8291 au kaiwekea ruhusa ya anwani fulani tu kwenye IP Services.

IP ipo, ping haijibu

Ping ya kwanza kwenye Cisco ikitoka `.!!!!` usishtuke, kile kinukta cha mwanzo ni ARP inatafuta MAC. Wasiwasi uanze zikitoka nukta 5.

Angalia kama wewe na jirani mko kwenye VLAN moja ya usimamizi. Log ikikuletea `%CDP-4-NATIVE_VLAN_MISMATCH` usiipuuze hata kama intaneti inafanya kazi, CDP inakuambia waziwazi upande huu native VLAN ni 1 na upande ule ni 10, na trafiki isiyo na lebo inatoka VLAN moja inatua nyingine. Kisha `show interfaces trunk` (trunk ni poti inayopitisha VLAN nyingi), hakikisha VLAN ya usimamizi imeruhusiwa pande zote mbili.

Halafu kuna hii inayochanganya sana: ukiwa ndani ya swichi ya ofisini unampiga ping jirani anajibu, ila ukiwa kwenye laptopu yako hajibu. Laptopu iko 10.10.50.0, swichi ziko 10.10.20.0. Ping yako inafika kwa jirani vizuri tu, jirani anataka kujibu, anaangalia kwake hana njia ya kwenda 10.10.50.0, anaitupa. Swichi ya kawaida isiyofanya rauting (kupeleka trafiki toka mtandao mmoja kwenda mwingine) inahitaji mstari mmoja tu, `ip default-gateway 10.10.20.1`. Ingia kwake kupitia swichi ya jirani yake anayemfikia, uweke, utaona laptopu inajibiwa hapohapo.

Ping inajibu, lakini kuingia inagoma

Hapa soma ujumbe neno kwa neno. Mtu akinipigia simu akasema "imegoma" simsaidii mpaka anisomee kilichoandikwa, maana kila ujumbe una ugonjwa wake.

`Connection timed out` ni hodi isiyojibiwa. Ping imepita ila poti 22 (SSH) au 23 (telnet, njia ya zamani ya kuingia kwa mbali) imezuiwa njiani, tafuta access list (orodha ya wanaoruhusiwa na wanaozuiwa) au fayawoli katikati.

`Connection refused` ni hodi imesikika na umekataliwa. Pengine unapiga telnet na mwenyewe ameandika `transport input ssh`, hapo jaribu SSH tu. Au line vty (laini za kuingilia kwa mbali) ina access-class na IP yako haimo. Au SSH haijawashwa kabisa. Au laini zimejaa: kama ni vty 0 4 tu ndizo zilizopo, watu 5 wakiwa ndani wa 6 anarudishwa, na kama kuna mtu aliandika `exec-timeout 0 0` basi kila dirisha la PuTTY (programu ya kuingilia kwenye vifaa) lililofungwa vibaya linaweza kubaki limekalia kiti. Tafuta namna ya kuingia kwa konsoli, `show users`, kisha `clear line vty 0` na kuendelea, halafu urudishe dakika 10 za kawaida kwa `exec-timeout 10 0`.

`Password required, but none set` maana yake vty imeambiwa iulize paswedi ila paswedi yenyewe haipo, kwa hiyo inakufukuza, na inafanya vizuri. `% No password set` ukiwa umeshaingia na unaandika enable (komandi ya kupanda ngazi ya usimamizi), ni kwamba umefika sebuleni ila enable secret haijawekwa, hivyo kwa mbali huwezi kwenda ndani zaidi. Zote mbili dawa yake ni konsoli, na ukishafika hapo weka kila kitu mara moja:

```
hostname SW-GH2
ip domain-name ofisi.local
crypto key generate rsa modulus 2048
ip ssh version 2
username fundi privilege 15 secret (paswedi ndefu)
line vty 0 15
 login local
 transport input ssh
```

Kama komandi ya crypto haikubaliki, piga `show version` uangalie jina la faili la IOS. Likiwa halina k9 ndani yake, hiyo IOS haina SSH. Swichi za mtumba zipo nyingi za hivyo, uliza kabla hujalipa.

Na hii imekuwa nyingi siku hizi: laptopu mpya, swichi ya zamani, SSH inakuletea `no matching key exchange method found` au `no matching host key type found. Their offer: ssh-rsa`. Hakuna kilichoharibika. OpenSSH toka toleo 7.0 la 2015 iliacha kukubali njia za zamani za kubadilishana funguo, na toleo 8.8 la 2021 likaacha saini ya ssh-rsa, na swichi yako inajua hizo za zamani tu. Ziruhusu kwa safari hiyo moja:

```
ssh -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1 -oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa fundi@10.10.20.3
```

Ikilalamika tena kuhusu cipher (njia ya kuficha data) ongeza `-oCiphers=+aes128-cbc`. Usiziweke kwenye konfigi ya laptopu kwa vifaa vyote, weka kwa hiyo IP tu.

Ukiwa umeingia swichi ya kwanza unaweza kuruka kwenda kwa jirani yake kwa `ssh -l fundi 10.10.20.4`. Kurudi bila kukata, bonyeza Ctrl+Shift+6 uachie, kisha x. `show sessions` inakuonyesha ulizoacha wazi. Na kama unataka kuona log ukiwa mbali andika `terminal monitor`, bila hiyo log zinaenda konsoli peke yake na wewe unakaa unasubiri ujumbe usiokuja.

Umeingia vizuri, umebadilisha kitu, ukajikata

Hili lilinigharimu jioni nzima ya Ijumaa. Nipo Kariakoo, nimeingia swichi ya godauni la mteja Vingunguti, wameunganishwa kwa redio za juu ya paa, nataka kuongeza VLAN 30 kwenye trunk. Nikaandika `switchport trunk allowed vlan 30`. Kioo kikaganda. Neno lililokosekana ni `add`. Bila add ile komandi haiongezi, inafuta zote na kubakiza 30 peke yake, na VLAN ya usimamizi niliyokuwa napita ikaondoka. Saa 11 jioni, Barabara ya Nyerere foleni imesimama, godauni wana magari 2 yanasubiri kupakia na mfumo wa stoo haufunguki, dada wa stoo ananipigia kila baada ya dakika 5 na ana haki.

Toka hapo kabla ya kugusa trunk, IP au vty ya kifaa kilicho mbali naandika kwanza `reload in 10`, na kama kuna mabadiliko ya nyuma ambayo hayajaseviwa nayasevu kabla. Nikijikata, baada ya dakika 10 swichi inajiwasha upya na konfigi iliyoseviwa, mlango unarudi. Kazi ikienda sawa `reload cancel`. MikroTik wao wana Safe Mode, kwenye terminal ni Ctrl+X, ukikatika yenyewe inarudisha ulichobadilisha.

Poti za kutosalimia

CDP inatangaza modeli na toleo la IOS kwa yeyote aliye upande wa pili wa waya. Poti inayoenda kwa mtoa intaneti, poti za mapokezi na za wageni, weka `no cdp enable` na `no lldp transmit`. Februari 2020 kampuni ya Armis ilitangaza mapungufu 5 kwenye CDP waliyoyaita CDPwn, kwa hiyo swichi, simu na kamera za Cisco ambazo hazijapata sasisho toka wakati ule zina hatari ya kweli. Ila usizime CDP kwenye poti zenye simu za mezani za Cisco, simu zinategemea hiyo kujua voice VLAN yao, ukizima utaitwa tena kesho simu hazipigi.

Telnet iache kabisa kama SSH ipo, paswedi inapita wazi na mtu yeyote aliye katikati anaisoma kama ilivyo. Na kifaa usichoruhusiwa kwa maandishi usikiingie hata kama paswedi ni cisco/cisco na unaiona, majengo mengi ya Posta na Kariakoo kebo za ofisi tofauti zinapita kabati moja na unaweza kumuona jirani ambaye ni wa kampuni nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiulizi kama ulikuwa unasaidia.

Ukimaliza, pita kila poti inayoenda swichi nyingine uandike `description KWENDA SW-GH3 Gi0/1`, chora ramani hata kwa kalamu, ipige picha mtumie mwenye ofisi kwenye WhatsApp na nakala ibandike ndani ya mlango wa kabati. Kisha `copy running-config startup-config` kwenye kila swichi uliyoigusa, moja moja, kabla hujafunga laptopu, maana umeme ukikatika usiku na hujasevu asubuhi utakuta zote zimerudi kuitwa Switch.